Mstari wa Chini: Sababu za Vifo Wakati wa Janga, Migori na Homa Bay

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, ambayo ni Sura ya 149 ya Sheria za Kenya, inataka kila kifo kinachotokea nchini kiarifiwe, kisajiliwe mahali kilipotokea na kielezewe sababu yake, awe marehemu alifia katika wadi ya hospitali ya rufaa mjini Homa Bay, katika kibanda cha wavuvi kisiwani Remba au katika boma la wazee wake huko Ntimaru, karibu na mpaka wa Tanzania. Sehemu ya kwanza ya agizo hilo, yaani kuarifu kwamba mtu amefariki, inaeleweka na wengi, kwa kuwa bila cheti cha kifo familia haiwezi kufuatilia urithi wa shamba, akiba iliyoachwa benki wala malipo ya bima. Sehemu ya pili, ile ya kueleza sababu, ndiyo ngumu. Janga la korona lililoingia Kenya Machi 2020 lilidhihirisha katika kaunti hizi mbili kwamba ugumu huo hautokani na uhaba wa vipimo pekee, bali pia na namna fomu ya kifo isivyoeleweka hata kwa wanaoijaza, na zaidi ya yote na gharama ambayo jamaa za marehemu walilazimika kuilipa kwa ajili ya neno moja lililoandikwa kwenye fomu hiyo.

Katika tiba na takwimu, sababu ya kifo si lile tukio la mwisho lililomwondoa mtu duniani. Tangu 1948, Shirika la Afya Duniani limeyataka mataifa yatafute kile kinachoweza kuitwa chanzo cha msingi, yaani ugonjwa au jeraha lililoanzisha mfuatano wa madhara ulioishia katika kifo. Kwa sababu hiyo cheti cha kitabibu cha sababu ya kifo kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina mistari michache inayosomwa kutoka juu kwenda chini kwa kiungo kimoja tu, nacho ni maneno “kutokana na”: mstari wa juu hubeba hali iliyomuua mgonjwa moja kwa moja, unaofuata hutaja kilichosababisha hali hiyo, na mstari wa chini kabisa uliojazwa ndio unaobeba chanzo cha msingi. Kando ya kila mstari huandikwa muda uliopita tangu hali husika ianze hadi mgonjwa alipofariki, na muda huo humsaidia msomaji kuona kama mfuatano una mantiki, kwa kuwa ugonjwa wa siku mbili hauwezi kuzaa ugonjwa wa miaka mitano. Sehemu ya pili huwekewa maradhi mengine yaliyomdhoofisha mgonjwa na kuchangia kifo chake bila kuwa kiungo cha mnyororo wenyewe.

Mfano wa kufikirika utasaidia. Mwanamke mwenye umri wa miaka 58 kutoka Rongo, ambaye ameishi na kisukari kwa miaka kumi na virusi vya UKIMWI kwa miaka kumi na miwili huku akimeza dawa zake bila kukosa, anaambukizwa korona, mapafu yanavimba, anapata nimonia, pumzi inamwishia na anafariki siku ya tisa. Cheti kilichojazwa vizuri kitaandika juu kwamba alishindwa kupumua, kutokana na nimonia, kutokana na UVIKO-19, yaani korona. Kisukari na virusi vya UKIMWI vitakaa katika sehemu ya pili. Kifo hicho kitahesabiwa kuwa cha korona. Iwapo tabibu aliyechoka ataandika “nimonia” na kuishia hapo, kifo kilekile kitaingia katika hesabu ya nimonia, ugonjwa ambao kwa muda mrefu umekuwa miongoni mwa visababishi vya vifo vinavyoongoza katika takwimu za Kenya, na hakuna atakayejua tena ni nimonia ngapi kati ya hizo zilitokana na virusi vipya. Na iwapo ataandika “moyo ulisimama”, atakuwa hakuandika chochote, kwa maana kila anayekufa moyo wake husimama.

Kosa hilo la mwisho ndilo linaloonekana mara nyingi, na si haki kulitaja bila kueleza linakotoka. Katika hospitali nyingi za kaunti ndogo, fomu ya kifo hujazwa na afisa wa kliniki au daktari mchanga aliyeingia zamu usiku, ambaye pengine hakuwahi kuzungumza na mgonjwa akiwa hai, huku jamaa wakiwa wamesimama mlangoni wakingoja karatasi ili mwili upelekwe makafani. Mafunzo ya kujaza cheti hicho huchukua muda mfupi sana katika vyuo vya udaktari na uuguzi, ikilinganishwa na mafunzo ya kumtibu aliye hai, na pengine ni kawaida kuwa hivyo. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba karatasi ambayo taifa zima linaitegemea kupanga chanjo, dawa na bajeti huandikwa na mtu asiyeambiwa kamwe kwamba mstari wa chini ndio utakaosomwa.

Korona ilipozuka, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kujaza vyeti tarehe 16 Aprili 2020, na kanuni zake zilikuwa wazi kuliko mijadala iliyoenea mitaani kuhusu nani alikufa kwa korona na nani alikufa akiwa nayo. Kifo cha korona, kwa mujibu wa mwongozo huo, ni kile kinachotokana na ugonjwa wenye dalili zinazolingana na korona kwa mtu aliyethibitishwa au anayeshukiwa kwa misingi thabiti kuwa nayo, isipokuwa kuwe na sababu nyingine dhahiri isiyoweza kuhusishwa na ugonjwa huo, kama vile jeraha, na pasiwe na kipindi cha kupona kabisa kati ya ugonjwa na kifo. Kwa kanuni hiyo, mvuvi wa Mbita anayezama ziwani boti ikipinduka hawi mfu wa korona hata kama kipimo cha siku iliyotangulia kilionyesha virusi mwilini mwake. Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyekuwa akiendelea na kazi zake hadi korona ilipomlaza kitandani, kwa upande mwingine, ni mfu wa korona, kwa sababu maradhi ya awali hayaondoi jina la ugonjwa uliomuua. Mwongozo ulitenga pia namba mbili za uainishaji: U07.1 kwa vifo ambavyo virusi vimethibitishwa maabara, na U07.2 kwa vile ambavyo dalili na mazingira vinaelekeza kwenye korona ingawa kipimo hakikupatikana.

Namba hiyo ya pili ingeweza kuwa na manufaa makubwa Migori na Homa Bay. Katika miezi ya mwanzo, sampuli za magharibi mwa Kenya zilisafirishwa hadi maabara za Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya, KEMRI, zikiwemo zile za Kisumu, na mgonjwa aliyefikishwa hospitalini akiwa taabani aliweza kufariki kabla ya majibu kurudi. Mwongozo haukumtaka tabibu angoje. Ulimruhusu aandike korona inayoshukiwa, kwa kuwa cheti ni maoni ya kitaalamu yanayotolewa kwa uaminifu kutokana na ushahidi uliopo, na yanaweza kusahihishwa ushahidi ukibadilika. Lakini hesabu iliyotangazwa nchini kila siku ilitegemea hasa waliopimwa, hivyo aliyekufa bila kupimwa hakuwa na nafasi ndani yake.

Wenyeji wa eneo hili wanaijua hali hiyo ya kifo kukosa jina lake halisi kwa uzoefu mchungu kuliko sehemu nyingi za Kenya. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko kaunti zote, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9, na Migori nayo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliingia Homa Bay mwaka 1996, na hospitali ya mji huo ikawa, mnamo 2001, ya kwanza miongoni mwa hospitali za umma nchini kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo. Kabla ya hapo, na hata baadaye, vyeti vingi vilitaja kifua kikuu, kuhara, homa ya uti wa mgongo au nimonia, na vikanyamaza. Kanuni ya uainishaji inasema kwamba mtu ambaye virusi vya UKIMWI vimevunja kinga yake hata akashikwa na kifua kikuu na kufa, chanzo cha msingi cha kifo chake ni virusi hivyo, si kifua kikuu. Matabibu waliijua kanuni hiyo. Walichokihofia ni kwamba cheti huenda kwa shemeji, kwa karani wa benki na kwa wakili wa mirathi, na kwamba mjane aliyebaki angeonyeshwa kidole. Nyumbani nako ugonjwa wa kukonda ulipewa jina la chira, yaani balaa linaloaminiwa na Wajaluo kumfika aliyevunja miiko ya ukoo, jina ambalo lilificha maambukizi na kumtwika marehemu lawama kwa wakati mmoja.

Unyamavu ule wa kumlinda mjane uliigharimu jamii nzima. Takwimu zilipopungua, uzito wa ugonjwa machoni pa wapangaji nao ulipungua, na eneo lililokuwa likizika vijana wake kila wiki lilichukua miaka mingi kupata dawa zilizokuwa tayari zinatolewa kwingineko duniani. Ni vigumu kusoma habari za korona katika kaunti hizi bila kukumbuka kwamba karatasi hizihizi ziliwahi kunyamaza.

Mara hii kilichofanya watu wakwepe jina la ugonjwa kilikuwa kaburi. Kwa Wajaluo, na pia kwa Waabasuba na Wakuria, mazishi ni jambo la nyumbani lenye taratibu zake: mwili hurudishwa bomani, jamaa hukesha, watu husafiri kutoka Nairobi na Mombasa, na marehemu huagwa kwa heshima inayolingana na umri na hadhi yake. Neno “korona” kwenye fomu lilifuta hayo yote. Mwili ulifungwa katika mfuko, maafisa waliovaa mavazi meupe ya kujikinga waliuleta na kuufukia haraka, na jamaa walitazama kwa mbali. Mnamo Aprili 2020 mazishi ya usiku katika kaunti jirani ya Siaya, yaliyofanywa kwa namna hiyo, yalitikisa nchi nzima na kuishia mahakamani, na habari zake zilifika kila kijiji cha Nyanza. Baada ya hapo familia nyingi zilikuwa na sababu ya kuomba mgonjwa wao asipimwe, na tangazo la kifo redioni likasema, kama lilivyozoea kusema wakati wa UKIMWI, kwamba marehemu alifariki “baada ya kuugua kwa muda mfupi”.

La kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya ukali huo haikuwa ya lazima. Tarehe 24 Machi 2020, wiki kadhaa kabla ya mazishi hayo ya usiku, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kueleza kwamba hapakuwa na ushahidi wa mtu yeyote kuambukizwa korona na maiti, kwamba jamaa wangeweza kuutazama mwili bila kuugusa wala kuubusu, na kwamba heshima ya marehemu na mila za familia zilipaswa kulindwa. Masharti ya kupunguza umati yalikuwa na msingi, kwa maana waombolezaji walio hai waliweza kuambukizana. Masharti ya kumfukia marehemu kama takataka hayakuwa na msingi, na yaliharibu hesabu kuliko upungufu wowote wa maabara. Hali ilijirudia kwa sura nyingine Juni 2021, aina ya virusi iitwayo Delta ilipoenea kandokando ya Ziwa Viktoria: serikali iliziweka kaunti 13, zikiwemo Homa Bay na Migori, chini ya kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na ikaagiza mazishi yote, ya korona na yasiyo ya korona, yafanywe ndani ya saa 72. Agizo hilo angalau liliwaweka wafu wote katika hali moja, ingawa liliwabana sana wale ambao jamaa zao walikuwa mbali.

Yaliyoelezwa hadi hapa yanahusu waliofia hospitalini, ambao huandikiwa fomu iitwayo D1. Anayefia nyumbani huandikiwa fomu D2, na anayeijaza ni naibu wa chifu wa kata ndogo, mtu wa utawala asiyekuwa na mafunzo ya tiba, ambaye huuliza jamaa marehemu aliugua nini na kuandika anachoambiwa. Sababu hujazwa kwa neno moja: malaria, homa, uzee, kifua. Katika ukanda wa ziwa neno “malaria” ni la hatari zaidi, kwa kuwa watu wengi hubeba vimelea vyake bila kuugua na karibu kila homa huitwa hivyo, kiasi kwamba homa ya korona ingeweza kupita chini ya jina hilo bila kushtukiwa na mtu. Mchimbaji wa dhahabu wa Nyatike aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka mingi huandikwa “kifua”, na mchango wa vumbi, wa kifua kikuu na wa korona hauwezi tena kutenganishwa. Katika siku ambazo wauguzi na maafisa wa kliniki walikuwa kwenye mgomo, kama ule ulioanza Desemba 2020, D2 ilibeba pia wale waliogeuka langoni mwa hospitali wakarudi kufia nyumbani.

Mpaka nao una lake. Mwaka 2020 Tanzania ilitangaza hesabu yake ya mwisho kwa wakati huo, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Isebania na Sirari ni mji mmoja uliokatwa na mstari wa wakoloni, na Wakuria wana jamaa pande zote mbili, hivyo mgonjwa angeweza kutibiwa Tarime na kuzikwa Kehancha. Hata ndani ya Kenya, kwa kuwa kifo husajiliwa kilipotokea, mwana wa Ndhiwa aliyefia Nairobi huongezwa kwenye hesabu ya Nairobi, wakati kaburi, wajane na mayatima wako Ndhiwa.

Ukubwa wa kilichopotea unaweza kukisiwa kutokana na ushahidi wa pande kadhaa. Wizara ya Afya yenyewe, katika taarifa zake za kila siku za 2021, ilianza kutaja vifo vilivyogunduliwa kwa kukagua upya rekodi za hospitali, baadhi yake vya miezi ya nyuma, jambo linaloonyesha kwamba vyeti na mafaili vilikuwa na habari ambayo tangazo la jioni halikuwa nayo. Katika makafani ya hospitali kuu ya chuo kikuu mjini Lusaka, Zambia, watafiti walipima miili 364 kati ya Juni na Septemba 2020 na kukuta virusi katika 58, na wengi wa wafu hao, hasa waliofia majumbani, hawakuwahi kupimwa wakiwa hai. Shirika la Afya Duniani, kwa kulinganisha vifo vyote vilivyotokea na vile ambavyo vingetarajiwa katika miaka ya kawaida, lilikadiria mwaka 2022 kwamba dunia ilipoteza watu milioni 14.9 zaidi ya kawaida katika 2020 na 2021, ilhali vifo vya korona vilivyoripotiwa vilikuwa takriban milioni 5.4. Kenya iliripoti vifo zaidi ya 5,600 kwa janga zima. Njia hiyo ya kulinganisha, hata hivyo, inahitaji daftari kamili la vifo vya miaka iliyotangulia, na pale ambapo vifo vya nyumbani havifiki kwa msajili hakuna cha kulinganisha nacho. Katika hili kaunti hizi hazijasogea mbali sana na mwaka 1918, homa ya mafua ilipoenea nchini kutoka Mombasa wakati eneo hili likiitwa South Kavirondo, na waliokufa wakabaki kuwa makadirio ya maofisa wa kikoloni.

Njia ya kuziba pengo la D2 ipo na imejaribiwa karibu. Wataalamu huiita uchunguzi wa kifo kwa mahojiano: mhojaji aliyefundishwa hukaa na jamaa aliyemuuguza marehemu, majuma machache baada ya mazishi, na kumuuliza kwa utaratibu kuhusu homa, kikohozi, pumzi, muda wa ugonjwa, dawa zilizotumika na hospitali zilizotembelewa, kisha majibu huchambuliwa na madaktari au na programu ya kompyuta ili kupata sababu inayoelekea zaidi. Kituo cha ufuatiliaji cha KEMRI huko Siaya kimeitumia njia hiyo kwa miaka mingi, na Mbita yenyewe imekuwa na ufuatiliaji wa vizazi, vifo na uhamaji tangu 2006 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Nagasaki cha Japani. Mahojiano hayafikii usahihi wa upasuaji wa maiti, na hutofautisha kwa shida korona na nimonia nyingine. Yanashinda kwa mbali neno moja lililoandikwa na naibu wa chifu. Tangu Septemba 2023 Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliopewa vifaa na simu, wanaozijua nyumba wanazozihudumia na kuzungumza Kijaluo, Kisuba na Kikuria cha wenyeji wao. Kuwafundisha mahojiano hayo na kuyaunganisha na fomu D2 ni kazi ambayo serikali za kaunti zinaweza kuianza bila kungoja janga jingine, sambamba na kumteua katika kila hospitali mtu mmoja wa kusoma vyeti vya kila wiki na kumrudishia tabibu kile kilichoandikwa “moyo ulisimama”.

Hayo hayatafaa kitu iwapo jina la ugonjwa litaendelea kuwa adhabu kwa waliofiwa. Wizara ya Afya itakapoandika masharti ya mazishi kwa mlipuko ujao, na iyapime kwa swali moja: je, familia iliyoyasikia itakubali mgonjwa wake apimwe? Nayo familia itakayofiwa nyumbani, iwe Mfangano, Oyugis, Awendo au Kehancha, iende kwa naibu wa chifu kabla ya kutimia miezi sita ambayo sheria inairuhusu, ikiwa na kadi ya kliniki ya marehemu, vibandiko vya dawa alizokuwa akitumia na yule ndugu aliyekuwa akimuuguza, na isikubali kuondoka huku fomu ikisema tu kwamba aliugua kwa muda mfupi.